Mteremko Haujui Utani

Nakumbuka Jumamosi moja ya Julai, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo hapa Durban. Tulisikia theluji imeanguka kwenye milima ya Drakensberg. Sisi tuliokulia Kigoma, tusioijua theluji ila vitabuni, tukakodi taxi tukapanda huko: dada yangu Rehema, mumewe Yona, binamu zetu Festo na Amosi, na Mama Mapendo, mama wa Kikongo aliyeuza vitenge jirani na fleti yetu ya mtaa wa Greyville.

Shemeji Yona alikuwa kinyozi. Miguu yake, iliyosimama kutwa nyuma ya kiti cha saluni, ndiyo iliyowalisha watoto wake wawili.

Festo alikuwa amebeba beseni la plastiki la kufulia. Watu wazima walikuwa wakiteleza kwa mabeseni na maboksi, wakipiga mayowe kama watoto. Yona akakataa. Festo akamtania:

“Shemeji, mwanamume mzima unaogopa barafu ya kupoozea soda?”

“Nina watoto mimi. Teleza wewe.”

“Eish! Dada Rehema, kumbe wewe ndiye uliyeoa!”

Wajua desturi yetu: shemeji akikataa utani, huhesabiwa kuwa ameukataa undugu. Yona akaketi besenini, magoti kidevuni, na Festo na Amosi wakamsukuma kwa nguvu zao zote.

Beseni halina breki wala usukani. Lilizunguka, akawa anashuka kinyumenyume, asione mawe yaliyojificha chini ya theluji nyembamba. Tulisikia kishindo, kisha kilio: “Mguu wangu!”

Na wale wawili wakacheka! Amosi akajibu kutoka juu, “Acha kuigiza, shemeji!”

Ni Mama Mapendo aliyeshuka kwanza, akiteleza na kuanguka, akamfunika Yona kwa kitenge chake. Kisha akageuka na kutupigia kelele:

“Muko nacheka nini? Hamuone mutu iko naumia? Utani gani hii ya kuvunja mutu?”

Ndipo nasi tukashuka. Paja lilikuwa limevunjika. Lilikuja kuunga vibaya, na Yona hakuweza tena kusimama kutwa. Kiti chake saluni akapewa mwingine. Rehema akaanza kusuka nywele vibarazani ili watoto wale. Na hao binamu? Walisimulia kote kuwa ni “bahati mbaya”. Bahati ipi? Bahati haina mikono ya kusukuma! Miaka imepita, mwanangu, na neno hilo bado linanichoma.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Shemeji yangu alivunjika kwa kusikia la wadogo. Walisema pia mzaha mzaha hutumbuka usaha, nasi tuliimba methali hiyo shuleni bila kuielewa.

Basi shika haya. Mtoto akiteleza ni mwepesi, na huanguka karibu. Mtu mzima uzito wake humwongezea kasi, na mfupa wake haupindi. Usikalie chombo usichoweza kukisimamisha, wala usishuke mteremko ambao hujaufikia mwisho wake kwa miguu. Lakini zaidi ya yote, mwenzio akisema “sitaki”, utani umekwisha hapo. Na akilia, mwendee kwanza. Kama alikuwa anaigiza, mtacheka baadaye.

Mungu akulindie viungo vyako, mwanangu, akujaalie ujasiri wa kuitwa mwoga, na akuzungushie watu watakaokukimbilia kabla hawajauliza.