Ngoma Aliyoicheza Mamake Aaliya

Saleha ndiye aliyekuwa akipiga video za ngoma za wanawake Malindi nzima, na waliomwita walimwamini kwa jambo moja: hatoi nakala. Picha zilikaa kwenye diski yake tu, atakaye aje azitazame kwake, na hakuna mwanamume angeziona. Sasa diski ilikuwa imekufa, na Aaliya, aliyeolewa mwaka jana na kufiwa na mamake juzi, alikuwa amekuja kuitazama ngoma ya harusi yake.

"Fundi wa Kilifi asema huenda akazitoa," Saleha alimwambia kwa sauti ya chini. "Lakini ni mwanamume, na lazima azifungue, azitazame kama zimepona."

Aaliya akatikisa kichwa. "Mama alivua mtandio akacheza kwa kuwa mlikuwa wanawake peke yenu. Leo yuko kaburini, nimvue mtandio mimi? Wacha zipotee."

Kisha akamsogelea. "Mimi bibi harusi nilikuwa nimefichwa ndani, dadangu. Wewe ulimwona. Nieleze tu, alicheza vipi?"

Saleha akafumba macho, akamtafuta yule mama. Hakumpata. Usiku ule wote wa ngoma yeye alikuwa akiangalia taa ya kamera, na betri iliyokuwa ikiisha.