Pumzi Katika Chumba cha Sindano

Ng'washi alikuwa fundi cherehani wa Igoma, na kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule. Wateja walimjua kwa mambo mawili: mshono wake haufumuki, na kila mwezi kuna siku mbili ambazo banda lake halifunguliwi. Wanawake hawakuuliza. Wanaume waliambiwa amekwenda mjini kuchukua vitambaa.

Siku hizo mbili alikuwa nyumbani, sakafuni, magoti yamegusa kidevu, ameuma upindo wa khanga ili majirani wasimsikie. Maumivu ya hedhi yalimwanza akiwa na miaka kumi na minne na hayakuwahi kuruka mwezi. Hospitali walimpima, wakasema kizazi hakina kasoro, wakampa vidonge. Vidonge vikamchoma tumbo, maumivu yakabaki palepale. Shangazi yake akamwambia akizaa yatakwisha. Akaolewa na Nestory, mchomeleaji wa mageti, mtu mpole wa maneno machache, wakakaa miaka minne bila mtoto.

Ndipo mteja mmoja akamwelekeza kwa Maulida.

Maulida alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekwenda China miaka miwili kusomea tiba ya sindano. Alipangisha nyumba Isamilo, juu kule kwenye mawe, na jabali moja lilikuwa karibu sana na dirisha hata mwanga wa mchana uliingia chumbani umegeuka rangi ya majivu.

"Nina njia mbili, dada," alimwambia. "Ya kwanza ni sindano. Nyembamba kama unywele. Nazichoma kiunoni na juu ya vifundo vya miguu, unalala nusu saa. Ya pili ni mashine ndogo ya betri. Nabandika vipande vinne mgongoni, umeme unaichezesha mishipa, yale maumivu yanakosa nafasi ya kupita. Zote zimewasaidia wanawake. Ila ipi itakufaa wewe, hilo sijui. Tuanze miezi mitatu ya sindano, kisha mitatu ya umeme. Wewe utaniandikia maumivu yako ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi."

"Mimi fundi," Ng'washi akasema, "sindano ndiyo zinanilisha." Akacheka.

Siku ya kwanza ya hedhi alilala kifudifudi, uso wake ndani ya tundu la kitanda, akitazama sakafu ya saruji nyekundu. Sindano zenyewe hazikuuma. Kilichomshangaza ni uzito uliofuata, uzito mtamu uliomshuka mapajani, na nyuma yake maumivu yakaondoka. Hayakupungua kidogo kidogo. Yaliondoka kama mashine ya kusaga inavyozimwa, ukagundua kumbe siku nzima ulikuwa unapiga kelele ili usikike.

Maulida akavuta pazia, akatoka.

Katika ukimya ule Ng'washi akasikia mtu anapumua.

Ilikuwa upande wa kushoto, usawa wa kitanda, palipokuwa na kiti cha plastiki. Pumzi tatu fupi za kuvuta, kama mtu anayenusa, kisha moja ndefu ya kuachia. Tatu fupi, moja ndefu. Alifikiri ni yeye mwenyewe. Akabana pumzi yake. Zile nyingine zikaendelea.

Hakuweza kugeuka, sindano kumi na mbili zilikuwa mwilini. Alikazia macho sakafu. Kwenye saruji, mwanga wa dirisha ulikuwa na sehemu iliyofifia, kama mtu ameketi mbele ya dirisha. Kisha pumzi zikakatika. Zilikatika baada ya ile ya pili fupi, kabla ya ya tatu, na hazikurudi.

Maulida aliporudi kuchomoa sindano, akatazama kile kiti, akatazama mlango.

"Mwenzako ametoka?"

"Mwenzangu nani?"

"Si huyu aliyekuwa anakuhesabia pumzi. Nimemsikia nikiwa nje. Nikasema vizuri, amekuja na mdogo wake."

"Nimekuja peke yangu, dokta."

Maulida akaendelea kuhesabu sindano zake katika kisahani. Kumi na mbili. Akazihesabu tena.

Jioni ile Ng'washi aliandika mbili kwenye karatasi yake. Mbili, yeye ambaye miaka yote angeandika kumi. Alifungua banda siku ya pili ya hedhi, jambo ambalo halijapata kutokea. Akapinda sketi sita, na kila mara cherehani liliposimama alinyanyua kichwa na kusikiliza.

Alikuwa amezitambua zile pumzi. Alizitambua tangu zile tatu za kwanza, akajikataza kuamini.

Kidato cha pili alisoma bweni, Sengerema. Kitanda cha jirani alilala msichana aitwaye Precious, ambaye naye hedhi ilimtesa. Walikuwa wamebuni pamoja namna ya kupumua ili wavumilie: tatu fupi, moja ndefu. Matroni aliwaita waigizaji, wakwepa vipindi. Siku moja, saa tisa alasiri, wenzao wakiwa darasani, wawili hao walikuwa bwenini, kila mmoja amejikunja kitandani kwake. Precious akasema, "Leo siyo kawaida. Kamwite matroni." Ng'washi alikuwa na maumivu yake, na alimwogopa matroni kuliko maumivu. Akasema, "Itapita." Akageukia ukutani. Nyuma yake akazisikia zile pumzi, tatu na moja, tatu na moja, mpaka zilipokatika katikati, naye akadhani mwenzake amepata usingizi.

Madaktari walisema kitu kilikuwa kimepasuka tumboni. Ng'washi alisema alikuwa amelala, hakusikia chochote. Aliwaambia walimu, aliwaambia askari, na msibani alimwambia mama wa Precious hivyo hivyo, akiwa ameshikwa mikono.

Mwezi wa pili wa sindano pumzi zilikuja tena. Mwezi wa tatu pia. Zilianzia palepale, zikaishia palepale, na maumivu yalikuwa mbili, kisha moja.

Miezi ya umeme ikawa tofauti kabisa. Mashine ilitosha kiganjani. Ilimtekenya, kisha ikamfinya, kisha kiuno kizima kikavuma kama inzi aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Maumivu yalishuka mpaka nne, siku mbaya tano, na akiizima yalirejea taratibu. Lakini aliweza kuivaa chini ya khanga akashona. Na hakuna mtu aliyepumua, si kliniki, si nyumbani. Ule mvumo ulifunika kila kitu.

"Kwa hiyo sindano zinayashinda maumivu yako zaidi," Maulida alisema alipozilinganisha karatasi, "na umeme unakupa uhuru. Nikikuuliza uchague?"

"Umeme," Ng'washi akajibu haraka.

Maulida hakuandika. "Ni kwa sababu ya maumivu, au ni kwa sababu ya yule anayepumua?"

Jumamosi iliyofuata Ng'washi alipanda gari la Sengerema. Alivuka ziwa kwa daraja jipya la Busisi, maji chini yakiwa ya kijani na yametulia mno, akamkuta Mama Wilhelmina, mama wa Precious, nyumbani kwake nyuma ya soko, anapepeta karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni Ng'washi." Mwanamke huyo hakuwa amemwona kwa miaka kumi na minane. "Umenenepa. Kaa."

Ng'washi hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kama mwanafunzi mbele ya ofisi. Kwamba hakuwa amelala. Kwamba aliombwa aite mtu, akakataa. Akaeleza na habari ya chumba cha Isamilo, kwa sababu alikuwa ameshaanza kusema na hakujua pa kuishia.

Mama Wilhelmina aliendelea kupepeta. Maganda yakaruka, karanga zikarudi kwenye ungo. Aliposimamisha mikono, hakuuliza kuhusu bweni.

"Unamsikia anavuta pumzi?"

"Ndiyo, mama."

"Nipeleke."

Walikwenda pamoja siku ya kwanza ya hedhi iliyofuata. Maulida alichoma sindano, akamwangalia yule mama aliyevaa gauni lake la kanisani, akavuta pazia, akatoka. Mama Wilhelmina akaketi kwenye kile kiti cha plastiki. Kupitia tundu la kitanda Ng'washi aliona ncha za viatu vyake, vyeusi, vimepigwa rangi asubuhi hiyo.

Maumivu yakaondoka. Kimya kikaingia. Kisha pumzi.

Safari hii hazikutoka kwenye kiti. Zilitoka karibu zaidi, kati ya kiti na kitanda, chini, kama mtu aliyechuchumaa sakafuni. Vile viatu vikarudi nyuma kidogo, kumpisha.

"Precious," Mama Wilhelmina akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu aliyeingia jikoni. "Umekula?"

Tatu fupi, moja ndefu.

"Baba yako alifariki mwaka juzi. Nyumba tumeipaua upya. Yule mbuzi wako alizaa, akazaa tena, tukawagawa." Aliongea hivyo, habari za nyumbani, moja baada ya nyingine, bila kulia. Ng'washi alijua wakati unakaribia. Alitaka kumwonya, akaogopa kumkatiza. Moja fupi. Ya pili fupi.

Pumzi zikakatika, na mama naye akakatiza neno katikati.

Walikaa hivyo mpaka Maulida aliporudi. Ng'washi alipoinuka alitegemea kukuta machozi, au laana aliyostahili. Mama Wilhelmina alikuwa anafunga mkoba wake.

"Nisamehe, mama," Ng'washi akasema.

"Mwezi ujao," akajibu, "itakuwa tarehe ngapi?"

Basi Ng'washi akarudi kwenye sindano. Mashine ya umeme ikabaki kabatini. Kila mwezi Mama Wilhelmina alivuka daraja, akaketi, akasimulia mpaka pumzi zilipokatika, akarudi Sengerema. Katikati ya mwezi alipiga simu. Kwanza alisalimia, akauliza habari za Nestory. Baadaye akaacha. Ng'washi akipokea, alisikia neno moja tu: "Zimeanza?"

Mwezi wa saba wa safari hizo siku za hedhi hazikuanza. Siku ya tatu simu ililia, siku ya tano ikalia mara mbili. Siku ya tisa Ng'washi alikwenda kupima, akarudi bandani, akakaa mbele ya cherehani na karatasi ya majibu mapajani. Alikuwa ameomba jambo hilo miaka mitano sasa. Simu ikalia.

"Mama, nina mimba."

"Hongera," Mama Wilhelmina akasema hatimaye. Kisha, polepole, "Na sindano?"

"Dokta Maulida amesema hachomi wajawazito. Zile sehemu za vifundoni haziruhusiwi."

"Miezi tisa."

"Na kunyonyesha, mama. Mara nyingi hedhi hairudi mapema."

"Mimi nina miaka sitini na tisa," Mama Wilhelmina akasema, na simu ikakatika.

Ng'washi hakulala vizuri siku zile. Nestory alifurahi, akachomelea kitanda cha mtoto kabla ya wakati, naye akatabasamu kila alipoonyeshwa.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Mama Wilhelmina alitokea bandani Igoma na mkoba mkubwa kuliko wa siku zote. Akaketi kwenye kiti cha wateja. Akautazama mkono wa Ng'washi uliokuwa tumboni, akautazama kwa muda mrefu, kama anayesikiliza.

"Nipe kazi ya mkono," akasema. "Macho bado yanaona."

Ng'washi akampa sketi ya bluu, uzi na sindano. Mama Wilhelmina akaanza kupinda, polepole, kichwa ameinamisha upande wa tumbo lile, akisikiliza. Ng'washi hakumuuliza atakaa siku ngapi, wala amekuja kwa ajili ya nani.