Mjomba Anamtaka

Juzi hapa Kimara nilimwona mtoto wa jirani amempakata kuku chotara, kuku kafumba macho kabisa kwa raha. Hasira zangu za utotoni zikanipanda upya.

Sie nyumbani tulikuwa nao wawili. Mwekundu alikuwa mkorofi, alikuwaga anamdonoa hata baba akitoka kuoga. Wa madoadoa alikuwa mpole. Nikikaa tu barazani, huyo, kanipandia mapajani.

Mchana mmoja mjomba alikuja kutoka Kimbiji. Mama akaniambia, "Mwanangu, hebu nikamatie yule mpole wako. Mjomba anamtaka."

Nikajua anakwenda kufugwa kule. Nikamwosha miguu kwa sabuni ya kufulia, ili asitutie aibu ugenini, nikamnong'oneza asiwaogope mbwa wa watu. Nikamkabidhi mama kwa mikono miwili.

Baadaye uani kukanuka manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto.

"Ulisema mjomba anamtaka!" nilipiga kelele.

"Kwani uongo? Namtaka na ugali," mjomba akacheka. "Na aliyemkamata si wewe mwenyewe?"

Mama hakucheka. Alikuwa anakatakata vitunguu, hakuniangalia.

Leo najua mwekundu asingekamatika, na mgeni halishwi ugali mkavu. Hayo nayaelewa. Lakini mama angesema "mlete tumchinje," nisingemleta, naye alilijua hilo. Ndiyo maana hakusema. Mpaka leo sijamsamehe.