Mafuta ya Bibi na Ngozi ya Dada

Juzi niliingia supamaketi moja pale Tabata kununua sabuni, nikamkuta binti amesimama nyuma ya meza yenye chupa ndogondogo. Kila anayepita anadondoshewa tone mgongoni mwa mkono. Na mie akanidondoshea. "Mafuta ya nazi, mama, asilia kabisa. Yanalainisha ngozi, yanajaza nywele, yanaondoa mba, hata mtoto mchanga unampaka." Nikaunusa mkono wangu. Haukunukia kitu. Nikamshukuru, nikatoka, sabuni yenyewe nimeisahau. Maneno yale yote, moja baada ya jingine, nilishayasikia utotoni kutoka kwa mtu ambaye hakuwa akiuza chochote.

Bibi yetu, mama yake mama, alikuwa mtu wa Lindi. Alikuja Dar kumfuata mumewe aliyepata kazi kiwandani, mume akafariki, naye akabaki Chang'ombe kwenye nyumba yao yenye ua mpana nyuma. Humo ndimo tulimokulia dada yangu na mie. Mama alikuwa anashinda kazini, kwa hiyo tumelelewa na bibi, na kulelewa na bibi maana yake ilikuwa kupakwa mafuta.

Jumamosi asubuhi aliketi kwenye mbuzi, kanga kaikaza kiunoni, akakuna nazi mpaka beseni likafurika. Sie kazi yetu ilikuwa kuteka maji na kushika kifumbu, ule mfuko wa ukindu wa kuchujia, huku yeye akikamua tui kwa mikono miwili mpaka mishipa inasimama. Tui lililala. Kesho yake mafuta mazito yalikuwa yameelea juu, akayaengua, akayabandika kwenye jiko la mkaa. Hapo ndipo nilipopapenda. Kwanza sufuria lilipiga kelele nyingi, kisha kelele zikapungua, zikawa kama mtu ananong'ona, na mnong'ono ukikatika tu, bibi anaipua. Hakuwa anatazama. Alikuwa anasikiliza. Harufu yake ilijaa ua mzima, ikashinda hata moshi wa viwandani, na watoto wa jirani wakaanza kuchungulia mlangoni kwa sababu walijua chini ya sufuria kuna mashapo ya kahawia, matamu ukiyanyunyizia sukari.

Mafuta yale yalikuwa na kazi nyingi sijui nianzie wapi. Alitukalisha katikati ya magoti yake akatupaka kichwani, akasuka mistari huku akitukanya tusichezeshe shingo. Alitupaka miguu kabla ya shule, tukafika tunang'aa hata mwalimu akawa anasema watoto wa nyumba ile unawaona tangu getini. Mtoto mwenye vipele vya joto aliletwa kwake. Mzazi aliyetoka kujifungua aliitwa akandwe mgongo na nyonga. Visigino vilivyopasuka, midomo iliyokauka, ngozi ya mzee inayowasha, vyote alivipaka. "Mtoto wa nyumba hii hapauki," ndio ulikuwa msemo wake, na tulikuwa hatupauki kweli.

Na aliyependeza kuliko wote alikuwa dada. Alikuwa mweusi, weusi wa kung'aa, kama mbegu ya stafeli iliyotoka kinywani sasa hivi. Akipita baada ya kuoga watu walinyamaza. Bibi alikuwa anamaliza kumpaka, halafu anamsogeza mbali kidogo amtazame, kama mtu anayetazama kitambaa alichokidarizi mwenyewe.

Dada alipokuwa msichana mkubwa, kijana mmoja mwenye duka la vipuri akampenda. Wakaja shangazi zake kumwona. Walikaa sebuleni, wakanywa chai, wakala vitumbua, wakaridhika. Wakati wa kuvaa viatu mmoja akamwambia mwenzake, bila kushusha sauti, "Mtoto mzuri, na adabu anayo. Rangi tu ndiyo iliyomwangusha." Dada alikuwa ameshika pazia la mlango. Nilimwona alivyoliachia.

Mtaani kwetu kulikuwa na jirani mwenye saluni. Chumba cha nyuma alikuwa na ndoo ya mkorogo wa kujichubulia, krimu hii na losheni ile, na vitu vingine alivyovificha hata kwa wateja wake. Dada akaanza kwenda huko. Kwa wiki za mwanzo tulidhani ni mapenzi yamemtakatisha. Halafu bibi, siku moja anamsuka, akasimamisha mikono.

"Unajipaka nini?"

"Losheni tu, bibi."

"Losheni haichubui. Mjukuu wangu, ngozi ni nguo usiyoivua. Ukiichana utaishonea wapi?"

"Hayo ya zamani zenu, bibi. Sasa hivi mtu anaangaliwa."

"Na zamani tulikuwa tunaangaliwa," bibi akasema, akaendelea kusuka.

Hakumgombeza tena. Alichokifanya ni kumwekea chupa ya mafuta mapya kitandani kila alipopika, na kila mara aliikuta pale pale. Harusi ikafika. Dada alikuwa mweupe chini ya zile taa, na ukumbi mzima ukasema bwana harusi amepata. Wale shangazi walipiga vigelegele kuliko watu wote. Mie pia niliona amependeza, siwezi kusema vinginevyo.

Mwaka uliofuata akapata ujauzito, na mtoto akashindwa kutoka kwa njia ya kawaida. Wakampasua. Mtoto alitoka mzima, wa kike, analia vizuri. Kidonda ndicho kilichokataa. Waliposhona, nyama ikaachia. Wakashona tena, ikaachia tena. Bibi alikuja wodini na kichupa chake kwenye kikapu, amekifunga kwa kitambaa. Akamwamkua nesi, ambaye yeye bibi alimzidi umri mara mbili, kama vile yeye ndiye mdogo, akamwomba ampake mjukuu wake.

"Hapana, bibi, kidonda hakipakwi mafuta," nesi akamjibu kwa upole. "Na shida si kidonda. Ngozi yake imekuwa laini mno, haishiki uzi."

Bibi akasimama pale na kikapu. Kisha akamchukua kitukuu chake, akakaa naye kwenye benchi, akampaka yeye.

Dada aliletwa Chang'ombe kuuguzwa. Kidonda kilifunga, ila kwa miezi mingi ya mateso. Na kwa kuwa alikuwa amelala hajipaki ule mkorogo, uso ukaanza kugeuka: hapa pamerudi weusi, hapa wekundu, mashavuni mabaka kama ya mtu aliyeunguzwa na maji ya moto. Mumewe mwanzoni alikuwa anakuja kila jioni. Baadaye akawa anapiga simu. Baadaye simu nayo ikakatika, na tukasikia ameoa.

Kuna siku bibi alipika mafuta kwa ajili yake. Alichagua nazi mwenyewe sokoni Temeke, akakuna taratibu kwa kuwa mikono ilishachoka, akasikiliza sufuria mpaka likanyamaza. Akayaacha yapoe. Akamlaza dada kichwa mapajani kama zamani, akachovya vidole, akampaka shavu.

"Yanachoma, bibi."

Bibi akadhani bado yana moto. Akapuliza vidole, akasubiri, akapaka tena kidogo sana.

"Yanachoma."

Mafuta yale hayajawahi kumchoma mtu, hata kitoto cha siku moja. Bibi alichukua ncha ya kanga akamfuta, polepole, mpaka shavu likakauka. Chupa aliipeleka jikoni, ikaishia kukaangia samaki. Tangu siku hiyo hakuwahi kukuna nazi tena ila ya mboga.

Dada alipopata nguvu akarudi kwa yule jirani wa saluni. Nilimuuliza kwa nini. "Nikiacha ndo unaniona nilivyo," akaniambia. "Nikiendelea, angalau natoka nje." Daktari wa ngozi alimpa dawa, zikasaidia kidogo, zikaisha, na mabaka yakarudi mahali pao.

Bibi alifariki msimu wa mvua. Mie ni mmoja wa tuliomwosha. Miguu yake ilikuwa imepauka mpaka imefanya magamba. Mtu aliyepaka mtaa mzima, miaka yake ya mwisho hakuna aliyempaka yeye, na hakutaka. Nyumba ikauzwa, wakabomoa, sasa ni yadi ya magari. Nilijaribu mara moja kupika mafuta hapa kwangu. Nilisikiliza sufuria kama yeye, nikachelewa kuipua, yakaungua, nyumba ikanuka uchungu siku mbili.

Dada yupo hai, anaishi Mwananyamala chumba kimoja, pazia limeshushwa. Akitoka ni jioni, na mwamvuli juu. Bintiye ni msichana mkubwa sasa, anafanya kazi dukani, ana maneno mengi na moyo mzuri. Mwezi uliopita alikuja kunisalimia. Shingo yake na mikono havifanani tena rangi. Nilimwona, naye akaona nimemwona, tukaongea mambo ya kazi.

Alipokuwa anaaga akaniuliza, "Ma'mdogo, eti mama alikuwa mweusi kweli?"

"Sana," nikamwambia. "Na alikuwa mzuri."

"Una picha?"

Sina. Zile za utotoni dada alizitoa zote kwenye albamu ya mama wakati wa harusi, akazitia kwenye jiko la mkaa. Mama ameshatangulia, bibi ameshatangulia, jirani zetu wa Chang'ombe wametawanyika. Nilitaka kumweleza ilivyokuwa ile rangi, jua la asubuhi linapoigonga, na maneno yakanipotea. Binti akanitazama kidogo, akacheka, akasema, "Haya bwana, shikamoo tena," akaenda zake. Mie nikabaki mlangoni na uso ule wa dada ambao hakuna mwingine duniani anayeukumbuka, hata mwenyewe.