Kichuguu Kina Mwenyewe

Nyinyi mnaocheka huko nyuma kabla sijasema kitu, chekeni polepole, kicheko kitaisha na mimi bado sijafika katikati. Songeni karibu. Wewe mama, weka huyo mtoto kwa mguu mwingine, huo umelala. Leo mmeniuliza vile nilitoka Tanzania nikakwama hapa Khayega. Nitawaambia yote, na mkisikia chumvi imezidi, mjue hiyo ni chumvi yangu mwenyewe, sikuomba kwa jirani.

Mimi nilikuja kufyatua matofali ya kanisa. Kazi ya wiki mbili. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, na wiki mbili hizo mpaka leo sijazimaliza. Shule sijui. Nimejenga shule saba, kuingia sijaingia hata moja. Lakini udongo ninaujua. Nikinusa udongo nakwambia ng'ombe gani alipita hapo juzi na alikuwa na mawazo gani.

Kanisa likaisha, na mimi nikapenda huku. Mvua kila siku saa nane, kama imeajiriwa. Nikaita mke wangu kutoka Tabora, akaja na mimba ya miezi minne. Mwashi mwenzangu wa pale kanisani, ndiye alikuwa mwenyeji wetu, akatulaza kwa jiko yake, sisi na kuku kumi na mmoja. Akanipa na kona ya shamba. Akasema, "Fundi, kutoka kwa mparachichi mpaka kwa njia, hii ni yako. Jenga."

Sasa siku hizo mgeni bila karatasi alikuwa kama mbuzi bila kamba, kila mtu anakushika. Nilitaka barua ya chifu ya kuonyesha kwamba ninajulikana. Na chifu haandiki mpaka liguru aseme. Liguru ni mzee wa kijiji. Huyo wetu alivaanga koti kubwa jua likiwaka, mvua ikinyesha, na kabla ya kusema kitu alikuwa anakohoa. Akikohoa mara moja, hiyo ni salamu. Akikohoa mara mbili, hiyo ni hukumu, na hakuna mtu aliwahi kuigeuza.

Nikaenda kwake. Akakohoa mara moja.

"Mtanzania, wewe unalala wapi?"

"Kwa jiko ya mwenyeji, mzee."

"Nitamwambiaje chifu aandike mtu wa jiko? Jenga nyumba, ndio nije nikuone ukitoka kwa mlango yako."

Nikarudi mbio. Nikatembea ile kona yangu nikitafuta udongo, na nikakiona. Kichuguu! Si vichuguu hivi vyenu vya siku hizi. Kile mwewe alikuwa anapumzika juu yake akienda Lumakanda. Udongo mwekundu, laini, unashikana kama ndugu wanagawana urithi. Kwetu, kichuguu hakina mwenyewe. Ni cha Mungu na mwenye jembe. Asubuhi moja tu nikakipiga, nikakikata nusu, nikakanyaga udongo, nikafyatua. Saa sita matofali yalikuwa yamepanga foleni kama watoto wa shule, na mimi naimba.

Ndio nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Nyanya mmoja mdogo hivi, mkononi amebeba kikapu. Ng'ambo ya ua ndiyo ilikuwa kwake. Watu wote walimwita Kukhu, ndivyo nyanya anaitwanga hapa. Nikamwambia, "Shikamoo bibi." Aliangalia kichuguu. Akaangalia matofali. Akaweka kikapu chini taratibu, akatoa kitambaa kwa kichwa, akashika kichwa, na akalia.

Wacheni niwaambie kulia. Majani ya mparachichi yalianguka. Watu walikuja kutoka Isecheno na kuni begani, wakijua kuna matanga. "Nani amekufa?" "Nani amekufa?" Na Kukhu ananionyesha mimi na kidole: "Huyu! Huyu wa kuja! Ameua kichuguu ya mzee wangu!"

Hapo ndio nilijua. Huku shamba ni ya mtu na kichuguu ni ya mtu mwingine. Shamba inaweza kuuzwa mara tano, lakini kichuguu kinabaki na mwenyewe, kwa sababu mvua ikija kinatoa kumbikumbi, tsiswa wanawaita, na hao kumbikumbi mtu anarithi kwa baba yake. Kile bwana yake Kukhu alirithi kwa baba yake. Bwana alishakufa. Kila mwaka Kukhu alikuwa anachukua kumbikumbi wa kwanza, anakaranga, anaweka kidogo kwa kaburi, halafu ndio anakula.

Nikamgeukia mwenyeji. "Kwa nini hukuniambia?"

Akajibu, "Fundi, kwani kuna mtu anaambianga mwenzake asikalie moto?"

Jioni tukaitwa kwa liguru. Mke wangu akaja ameshika tumbo, akakaa kwa kigoda. Kukhu akakaa mbali na sisi, amepeana mgongo. Nikapiga magoti, nikasema nitarudisha udongo wote, kila tofali, mpaka lile la mwisho.

Kukhu akasema bila kugeuka, "Matofali inatagaga mayai?"

Watu wakacheka, mimi nikacheka kidogo nao, halafu nikaona hakuna mtu ananiangalia na macho ya kucheka. Mzee mmoja akasema afadhali nifunge mizigo hiyo jioni. Mwingine akasema mama ni mzito, angalau azae kwanza. Liguru akanyamazisha watu. Akakohoa mara mbili. Damu yangu ikakimbia yote ikaenda kwa visigino.

"Kichuguu kimekatwa nusu, hatujui kama mama ya kumbikumbi ako hai. Tutangojea mvua kubwa. Kikiruka, kumbikumbi wakatoka, huyu anabaki na mimi nampeleka kwa chifu. Kisiporuka, arudi Tanzania. Matofali imeshakuwa matofali, ajenge, mama asilale na kuku. Akienda, nyumba itakuwa ya Kukhu ya mbuzi."

Kwa hivyo nilijenga nyumba bila kujua ni ya nani, yangu ama ya mbuzi. Hatua sita kutoka kwa kile kichuguu. Nikagonga kitanda cha mbao, nikakiweka ukutani. Mke wangu alifunga nguo zetu kwa kanga, akaweka karibu na mlango, na hakuifungua. Akitaka nguo anavuta moja, anafunga tena. Kila nikiingia naona hiyo kanga imenitazama.

Nikamuuliza, "Si ufungue basi?"

"Nifungue tukikaa," akasema. "Na wewe badala ya kuniuliza mimi, nenda ukaulize wadudu."

Nilienda. Jamani, sijawahi kulea mtoto kama nililea kile kichuguu. Nilirudisha udongo ulibaki, nikapaka kile kidonda na mikono. Nikakilisha nyasi kavu, nikakilisha mavi ya ng'ombe, nikakifunika na majani ya ndizi jua lisikichome. Kuku akikipanda namfukuza mpaka Khayega sokoni. Nilipiga magoti nikaongea na mama yao pale kwa shimo: "Mama, mimi ni mgeni, na wewe unajua kukaa na watoto wengi. Usinifanyie hivi." Watu wakipita kwa njia wananiita, "Fundi, wameshazaa?" "Fundi, malkia amekusalimia?" Vijana wa bodaboda walikuwa wanasimamisha baiskeli, wanavua kofia, wanauliza mgonjwa ameamkaje.

Na Kukhu kila asubuhi alikuwa anakuja. Anapita mbele yangu kama mimi ni kijiti. Anainama, anaweka sikio kwa udongo, anasikiliza. Halafu anaenda. Siku moja nilijikaza nikamuuliza, "Kukhu, wanasemaje?" Akasimama. Nikadhani leo ndio leo. Akasema, "Hawasemi," akaenda zake.

Ile siku sikula. Na mimi obusuma, ugali wa hapa, nakula mlima, kitoweo kinabaki kinauliza nani alikuwa hapa.

Mvua kubwa ikaanza. Mimba ilikuwa imefika miezi minane. Siku ya kwanza vichuguu vya upande wa mto vikaruka, kumbikumbi wakajaa hewani mpaka jua likafungwa, watoto wanakimbia na mabeseni. Chetu, kimya. Siku ya pili vya upande wa barabara vikaruka. Nikaingiza mkono kwa shimo mpaka bega, nikatoa matope. Kimya. Mke wangu alikuwa amelala kwa kitanda, miguu imevimba. Nikamwambia, "Kesho." Akaangalia ile kanga pale mlangoni.

Siku ya tatu mvua ikakatika saa tisa, jua likatoka likiwa limeoshwa. Nikaona watu wanakuja. Liguru mbele na koti, wazee nyuma, Kukhu na beseni na blanketi yake nzee, nafikiri ndiyo ile alikuwa anatumia na bwana yake. Hawakunisalimia. Wakakunja fito, wakazisimika juu ya kichuguu, wakafunika na blanketi, wakaacha mlango mdogo ya kumbikumbi kutokea, wakatega beseni. Mama wawili wakakaa chini wakaanza kugonga vijiti kwa gogo, tiki tiki tiki, ndivyo wanadanganyanga kumbikumbi ati mvua inaita.

Tiki tiki tiki. Nilisimama hapo nikiomba kwa lugha zote, hata zile sizijui. Kukhu alikuwa amepiga magoti, mdomo wake unatembea bila sauti. Nikaona anaongea na mzee wake. Hapo ndio niliacha kujihurumia, nikamhurumia yeye. Kama hawatoki, mimi napoteza kona. Yeye ataenda kwa kaburi na mkono mtupu.

Tiki tiki tiki, mpaka wale mama mikono ikachoka. Mmoja akaweka kijiti chini. Mwingine akagonga peke yake, halafu na yeye akaacha. Beseni ilikuwa na jani moja tu na tone la maji.

Mwenyeji wangu akaangalia pembeni. Liguru akafunga vifungo vya koti, kimoja, kimoja, mpaka cha juu. Akanigeukia. Akakohoa mara moja.

Na akavuta pumzi ya kukohoa mara ya pili.

"Uwiii! Uwiii! Njooni! Wanatoka!"

Mke wangu, ndani ya nyumba! Kila mama alikuwa pale alijua ni mtoto. Wakaruka gogo, wakakimbia, mmoja anaita maji ya moto, mwingine anaita wembe, mimi nakimbia naanguka naamka. Nikafika kwa mlango nikamkuta amesimama juu ya kitanda na hiyo mimba yote, ameshika paa, mzima kama kengele. Anaonyesha chini.

Kumbikumbi! Wanachemka kutoka kwa sakafu, chini ya kitanda, kama ugali imefurika sufuria. Wako kwa ukuta, kwa nywele zake, kwa ile kanga ya nguo, mabawa yanawaka dhahabu pale mwangaza wa mlango unaingia. Kumbe mama yao hakufa! Nilipomvunjia mbele, yeye alifungua mlango wa nyuma, akapitia chini hatua sita zote, akaja kutokea kwangu. Walikuwa wengi, nawaapia, paa iliinuka kidogo. Iliinuka, wewe usinicheke, kwani ulikuwepo?

Liguru alikuwa amesimama kwa mlango, mdomo wazi, kikohozi cha pili kimemkwama hapo kooni. Kumbikumbi mmoja akaingia, ndio mzee akafunga mdomo.

Kukhu akatupita wote. Akaingia bila hodi. Akajitupa chini, akatambaa akaingia chini ya kitanda na beseni, tukabaki tunaona miguu yake tu. Tukasikia anakwangura na mikono. Tukasikia analia, halafu tukasikia anacheka, halafu hatukujua ni gani.

Liguru akameza. Akainama, akaongea na ile miguu kwa heshima.

"Kukhu, wewe ndiye mwenye kichuguu. Sema mbele ya watu. Huyu mgeni arudi Tanzania ama abaki?"

Miguu ikatulia. Kichwa cha Kukhu kikatokea upande wa pili, nywele zimejaa mabawa, shavu limejaa kumbikumbi wabichi, akampiga liguru jicho kama mtu amesumbuliwa kazini, na akasema:

"Huyu abaki! Kitanda ndio irudi Tanzania!"