Mama Mifupa na katuni aliyeota kiganja begani

Saa mbili asubuhi, juu ya duka la kutengeneza baiskeli, mwanamke mmoja anakunja vidole vya mtu. Cha shahada kinakunjika vizuri. Gumba linagoma, linapenya kiganjani na kutokea upande wa pili.

"Pole, Bibie," anaiambia kompyuta yake, anafuta, anaanza upya.

Bibie ni katuni. Wachoraji wamempa sura, gauni na kishimo cha shavuni. Huyu dada ndiye anayemwekea mifupa ya ndani, ile ambayo ukiivuta katuni anainuka, anaketi, anapunga. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Mifupa. Kuna jirani alishampelekea mtoto aliyeteguka kifundo cha mguu, na ikabidi aelezwe taratibu kwamba hapa wanatibiwa watu wa kwenye skrini tu.

Riziki yake ni matangazo madogo ya sabuni na magodoro. Bibie ni kazi ya moyo. Leo mchana anapelekwa kwenye shule ya watoto viziwi, akawafundishe kwa lugha ya ishara.

Mume wa Mama Mifupa, fundi seremala, alisoma shule hiyohiyo. Ni kiziwi tangu utotoni. Picha za ishara alizofundishiwa bado zipo ukutani huko shuleni, zimepauka, na kwa maneno yake mwenyewe, yanayotafsiriwa na mkewe, kujifunza ishara kwa picha ni kama kujifunza kuogelea kwa kutazama samaki wa kwenye kanga iliyoanikwa.

Mwalimu mkuu amekubali kumtazama Bibie mara moja tu. Watoto wasipomwelewa, picha zinabaki na katuni anarudi nyumbani.

Ila masomo ni mengi, na mtu mmoja hayawezi. Wachoraji wa kusaidia wapo, lakini kila mmoja ana programu yake, na mifupa iliyoungwa kwenye programu moja haifunguki kwenye nyingine. Basi Mama Mifupa na mwenzake, kijana anayeitwa Kinyonga kwa sababu hubadilisha picha yake ya simu kila asubuhi, wakatengeneza programu ndogo waliyoiita Begi. Begi linafungasha mifupa ya katuni pamoja na majina yake, linaenda kuifungua kwenye programu nyingine. Yeyote analichukua bure, na mwenye ujuzi anaongeza chake.

Siku ya kwanza kulijaribu, Bibie alifunguka kwenye kompyuta ya Kinyonga akiwa na kiganja begani. Vidole vitano vinampungia mtu kutoka kando ya shingo.

Wakatafuta kosa kwenye hesabu zote, hawakuliona. Kumbe lilikuwa kwenye neno. Mama Mifupa aliita "mkono" kuanzia begani. Kinyonga aliita "mkono" kuanzia kwenye vidole mpaka mwisho wa kiganja. Begi, mtumishi mtiifu, likachukua mkono likauweka palipoandikwa mkono.

"Mtu akivunjika mkono anafungwa plasta kwenye kiganja?" Mama Mifupa alimuuliza.

"Na nyinyi kwenu mkipeana mkono, dada, mnapeana bega?"

Wote walikuwa sahihi, na hapo ndipo palipouma. Waliishia kulipiga neno hilo marufuku chumbani. Sasa ni bega, kiwiko, kigasha, kiganja, na atakayeteleza anachemsha chai. Kinyonga anadai sheria ilitungwa kumkomoa yeye, maana hajui kutaja kifundo bila kumalizia "cha mkono." Chai yake, hata hivyo, imeanza kunyweka.

Kiganja kiliporudi mahali pake, yaliitwa macho ya fundi seremala. Alitazama, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mkewe akatafsiri kwa aibu: eti Bibie anaongea kama mtu aliyejaza kiazi cha moto mdomoni. Tangu hapo kila jioni alikuja kukaa kando ya mkewe, akirudia ishara pole pole, naye mkewe akiifuata mfupa kwa mfupa.

"Nimemtazama vidole zaidi kuliko siku alizokuwa ananichumbia," anasema Mama Mifupa.

Mchana umefika. Darasani mapazia yamefungwa. Bibie anasalimu, anaanza kueleza mvua inavyotokea. Watoto wametulia, hakuna anayeinua hata kidole. Mama Mifupa anamshika mumewe, aliyeketi kando yake, koti la kazini, analivuta kama mtoto.

Kisha binti mmoja wa mbele anainuka, anaisogelea skrini na kumuuliza Bibie jina lake. Anasubiri. Bibie anaendelea na mawingu. Binti anauliza tena, halafu anawageukia wenzake kuwashtakia kwamba huyu mgeni hana adabu, anaulizwa hajibu.

Darasa linalipuka kwa vicheko na ubishi wa viganja.

"Zile picha za ukutani," anasema mwalimu mkuu, "hawajawahi kuzigombeza hata siku moja. Leteni somo la pili."

Kwa kuwa mgeni hataki kujitaja, watoto wanampa jina wenyewe, kama viziwi wanavyopeana: kidole kidogo kinagusa shavu mara mbili, pale penye kishimo.

Mama Mifupa anaacha kucheka. Kidole kidogo cha Bibie alikifunga pamoja na cha pete kwenye mfupa mmoja, ili kompyuta kuukuu kama ya Kinyonga zisielemewe. Hakiwezi kusimama peke yake.

Kinyonga, aliyesimama kando ya kompyuta, anamkumbusha kwamba kukitenganisha ni kulifungua Begi lote upya, na kuwaarifu wote waliokwishalichukua.

"Tutawaarifu," anajibu, macho kwa watoto. "Nitamrudishaje darasani mtu asiyeweza kutamka jina lake mwenyewe?"