Toni Moja na Nusu

Kwa siku tisa sikulala vizuri kwa sababu ya jibu nililompa mzee mmoja. Aliniuliza swali la wazi, nami nikamjibu maneno matatu ambayo hakuna mtu angeweza kuyaita uongo, na bado yalikuwa uongo. Niliyageuza maneno hayo kitandani, kwenye foleni ya benki pale Kona ya Musa, hata kanisani wakati wengine wanaomba. Ningejibuje? Na kama ningejibu vingine, je, nilikuwa na haki? Anayetaka kuelewa kosa langu sharti kwanza aijue kazi, kwa hiyo nitaanza na kazi.

Nilikuwa mratibu wa jukwaa katika ziara ya bendi kongwe za roki, hapa kusini mwa Pwani, kwa misimu minne. Nina umri wa miaka ishirini na saba. Najua misimu minne si maisha, lakini nilifanya kazi na watu wa miaka sabini na zaidi, na nadhani uchovu wao uliniingia. Kuna watakaoishika kazi hii baada yangu. Haya ni yao.

Siku ya kwanza niliripoti katika hoteli moja ya Diani nikiwa na shahada ya utawala wa biashara na viatu visivyofaa mchanga. Nilizaliwa Shimba Hills, kwenye mashamba ya makazi ambako babu yangu alihamia kutoka Ukambani, na muziki nilioujua ulikuwa wa kwaya. Meneja wa Ziara, bwana mmoja wa bara aliyewahi kuwa afisa wa burudani mahotelini, hakunisalimu. Aliniwekea karatasi mezani.

"Andika mpangilio wa leo. Bendi tatu, muda wa saa tatu, tumalize kabla ya magharibi. Hawa wazee hawafanyi kazi ya usiku tena."

Bendi zenyewe zilikuwa Kimondo, Tai na Tufani. Zamani kila moja ilikuwa na hoteli yake, na watalii walicheza roki mpaka jasho likawatoka. Hoteli zikabadilika, wapigaji wengine wakafariki, na bendi moja peke yake ikawa haiwezi kujaza ukumbi. Ndipo zikawekwa kwenye tiketi moja. Mimi niliketi, nikawaza sana, nikaona njia isiyo na upendeleo ni alfabeti. Kimondo wa kwanza, Tufani wa mwisho.

Nusu saa baadaye wazee kumi na watatu walikuwa wamesimama nyuma ya jukwaa wakipaziana sauti.

"Nani alikuambia uwapange kama watoto wa darasa la kwanza?" Meneja wa Ziara aliniuliza. "Sikiliza, Mwende. Watu hawa hawagombani juu ya muziki. Wanagombania zamu. Anayefunga jukwaa ndiye mkubwa."

Kimondo ndio waliofunga, kwa sababu ya wimbo mmoja, "Barua kutoka Tiwi", na kwa sababu ya aliyeutunga na kuuimba, Mzee Mbwana wa Gazi. Watu walivumilia bendi mbili za kwanza ili wausikie.

Fundi Mkuu wa Sauti ndiye aliyenifundisha yaliyobaki. Bendi zote zilitumia ngoma zilezile na amplifaya zilezile, basi kila bendi ilikuwa na rangi yake ya utepe: nilibandika vipande vidogo kando ya vifundo vya kurekebishia sauti, vyekundu vya Kimondo, vya bluu vya Tai, vya manjano vya Tufani, nikavirudisha vifundo kwenye alama zao bendi ilipobadilika. Kinanda pia kilikuwa kimoja. Monita ni spika inayomwelekea mwimbaji mwenyewe ili ajisikie, na kwa wazee lazima iwe kubwa kuliko inavyopendeza. Gitaa hukazwa nyuzi zake, yaani hutiunishwa, kabla ya kila zamu, maana joto la hapa huzilegeza. Kutiunisha ikawa kazi yangu. Sikuweza kupiga hata wimbo mmoja, lakini kwa kifaa cha kupimia nyuzi nilikuwa hodari, kwa sababu kifaa husema ndiyo au hapana na hakiniachi nikiwaza.

Tulizunguka hivyo: Diani, Kwale mjini, Msambweni, Lunga Lunga. Vanga tulikwenda mara moja tu. Barabara ile ilivunja stendi mbili za ngoma na mgongo wa mpiga besi wa Tai, naye akasema mbele ya wote kwamba wakimtaka tena Vanga wampeleke na jeneza. Kazi yangu halisi, ukiacha utepe na nyuzi, ilikuwa kutafuta viti. Viti vyenye egemeo, chooni pawe karibu, dawa za presha zisikae juani. Mtu anayewaona jukwaani wakiruka hajui waliteremshwaje ngazi baadaye.

Mzee Mbwana aliniita Digrii. Nilimkuta mwisho wa msimu wa kwanza amekaa juu ya kasha la spika, amevua viatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Digrii. Keti. Nina amana nataka kukupa. Siku sauti yangu itakapoanza kuniaibisha, wewe utaniambia."

"Kwa nini mimi? Mzee Kazungu mmepiga naye tangu ujanani."

"Ndiyo maana. Yeye ananipenda. Wewe bado."

Nikacheka, nikaahidi. Niliahidi upesi, na hilo si kawaida yangu.

Katika msimu wa pili, tukiwa Kwale, Mzee Kazungu, mpiga gitaa wa Kimondo, alinivuta kando.

"Gitaa langu lilegeze nusu toni, sauti ishuke hatua moja. Nyuzi zote sita. Na besi pia. Kwenye kinanda kuna kitufe cha kushusha, ukibonyeze mara moja."

Sikuelewa. Nilimwuliza kwa nini wasibadilishe kii tu, yaani mahali wimbo unapoanzia, waushushe chini kidogo kama bendi nyingine zinavyofanya mwimbaji akizeeka.

"Mbwana hunitazama vidole," alisema. "Siku zote huingia wimbo kwa kunitazama vidole. Nikishika pengine atajua. Lakini nyuzi zikilegea, vidole vinakaa palepale. Unaona? Macho yake yanaona E, kii yetu ya siku zote, koo lake linaimba chini ya E."

"Na masikio yake je?"

"Masikio yake yaliharibiwa na amplifaya kabla hujazaliwa. Fanya kazi, mwanangu."

Nilifanya. Mzee Mbwana aliimba vizuri siku hiyo, akashuka jukwaani kifua mbele, akaniambia uzee ni maneno ya watu wavivu. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilijiambia kwamba ahadi yangu haijavunjika, kwa kuwa sauti haijamwaibisha.

Msimu wa tatu tukalegeza toni nzima. Msimu wa nne, toni moja na nusu. Hapo nyuzi zilikuwa zimelegea mpaka zikipigwa zinachapa mbao. Kubadilisha kutoka Tufani kwenda Kimondo kulichukua dakika kumi badala ya nne, na Mzee Oduor, kiongozi wa Tufani, alikaa kando na saa yake mkononi.

"Kazungu, gitaa lako leo limevaa malapa?"

"Lako lilivaa lini viatu?"

"Mimi nikizeeka ntasema nimezeeka. Sitazifanya nyuzi zizeeke badala yangu."

Mzee Mbwana alikuwa hatua tano kutoka pale, akinywa maji ya tangawizi. Hakusikia. Nilimtazama asivyosikia, na nilijisikia vibaya kuliko kama angesikia.

Siku ya Msambweni umeme ulikatika. Tai walikuwa wamemaliza, Tufani wamemaliza, nami nilikuwa nimekwisha kulegeza na kubonyeza kila kitu kwa ajili ya Kimondo. Giza la ukumbi lilidumu dakika mbili, jenereta ikawashwa, watu wakapiga makofi. Nilikagua amplifaya, nikakagua maikrofoni. Kinanda sikukikagua. Kinanda kikizimwa husahau kila ulichokibonyezea, hurudi kilivyotoka kiwandani. Nilijua jambo hilo. Nililifundishwa katika wiki ya kwanza.

"Barua kutoka Tiwi" huanza na kinanda peke yake. Mzee Mbwana akaichukua sauti kutoka hapo, juu kabisa, mahali ambapo hakuwa amefika kwa miaka mitatu. Magitaa yalipoingia chini yake, kelele ilikuwa ya kutisha. Mzee Kazungu aliinua mkono, magitaa yakanyamaza, na mzee akabaki na kinanda. Hakuacha. Mstari wa kwanza aliufikisha. Katika wa pili sauti ilipasuka, ikatoka kama hewa tu. Akina mama wa safu za mbele wakaudaka wimbo wakamwimbia mpaka mwisho, naye alisimama akitabasamu, mkono kifuani.

Baadaye alikuja kwangu polepole.

"Digrii. Leo kosa lilikuwa langu au la vyombo?"

Nikasema, "La vyombo, mzee."

"Alhamdulillahi," akasema, na mabega yake yakashuka. "Maana wiki ijayo, Alhamisi, naenda Mombasa. Kuna vijana wana studio, wanataka kuurekodi upya wimbo huu. Wapigaji wao wenyewe. Nimewaambia E, kama siku zote."

Hayo ndiyo yaliyofanya jibu langu linikoseshe usingizi. Vijana wale hawakujua siri yetu. Wangepiga E ya kweli, na mzee angesimama mbele ya watu asiowajua, ndani ya chumba kisicho na akina mama wa kumdakia, akajigundua peke yake.

Nilimpigia Mzee Kazungu. Alisema niache, studio za siku hizi zina mashine za kunyoosha sauti. Nilimwendea Meneja wa Ziara.

"Ukimwambia, atastaafu, na tiketi ya msimu ujao hainunuliki," alisema. "Ukinyamaza, ataumia siku moja. Wewe si msomi? Piga hesabu."

Nilizipiga. Niliandika sababu za kusema upande mmoja wa daftari na za kunyamaza upande wa pili, na upande wa kunyamaza ukajaa kwanza. Wazee kumi na watatu wanaitegemea ziara hii. Pengine angenichukia. Pengine studio ingeshusha kii yenyewe. Pengine si nafasi yangu, mimi msichana wa kwaya. Niliandika ujumbe wa simu mara saba na kuufuta mara saba. Nilifikiria hata kuwapigia wale vijana niwaombe walegeze nyuzi zao kimya kimya, na hapo ndipo nilipojichoka. Nilikuwa natafuta watu wengine wa kumdanganya kwa niaba yangu.

Wanaoanza kazi hii nitawaambia jambo hili, kwa kuwa hakuna aliyeniambia. Mkongwe hushushwa kidogo kidogo, kwa upendo, na watu wenye nia njema, kila mmoja akishusha nusu toni yake. Hakuna siku hata moja ambayo utaona umefanya kosa. Utachoka tu, usijue unachochoka nacho.

Jumatano asubuhi nilikwenda Gazi. Nilibeba gitaa la akiba la bendi mgongoni, juu ya pikipiki, na dereva akaniuliza kama nakwenda harusini. Nikamwambia sijui. Mzee Mbwana alikuwa barazani kwake, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Binti yake alinikaribisha chai. Nilimwambia nitakunywa nikimaliza kusema, nikamwona babake akiacha kuzungusha vidole majini.

"Mzee, Msambweni uliniuliza, nikakujibu nusu. Kosa lilikuwa la kinanda, hilo kweli. Lakini kinanda ndicho kilichokuwa sahihi. Sisi wengine tulikuwa tumelegeza."

Nikamweleza yote, kuanzia Kwale. Vidole vya Kazungu, kitufe, msimu kwa msimu. Sikumtupia Kazungu lawama. Nilisema mkono uliolegeza ni wangu.

Mzee aliyatazama maji ya beseni. Binti yake alikuwa mlangoni na birika, hakusogea.

"Kiasi gani?"

"Toni moja na nusu."

"Sema tena."

"Toni moja na nusu, mzee."

"Hiyo ni ngazi nzima ya nyumba." Alitoa mguu mmoja majini, akautazama, akaurudisha. "Na Oduor anajua?"

"Anajua."

"Oduor." Akatikisa kichwa. "Hilo ndilo litakaloniua, si sauti."

Sikujua kama nicheke. Nilimwambia kwamba kesho nitakwenda naye Mombasa akipenda, au nitakaa nyumbani akipenda, na kwamba msimu ujao, kama yupo au hayupo, mimi silegezi tena uzi wa mtu asiyejua. Nilikuwa nimemwandikia Meneja wa Ziara hivyo alfajiri, kabla ya kuondoka, ili nisipate nafasi ya kugeuka.

"Hilo gitaa umelileta la nini?"

"Sijui kupiga. Nilidhani utataka kusikia."

"Nipe E."

Nikalitoa kwenye mfuko, nikakaza nyuzi moja moja mbele yake mpaka kifaa kikasema ndiyo mara sita. Akalichukua, akalipakata juu ya kikoi kilicholowa, akaimba. Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili ulikatika palepale ulipokatikia Msambweni. Alinirudishia gitaa bila kunitazama.

"Shusha," akasema.

Nikashusha nusu toni, nikampa. Akajaribu, akanirudishia.

"Shusha tena."

Nikashusha.